Ugonjwa Usiopanda Madhabahuni

Kanisani kwetu, Jumapili ya ushuhuda, kuna magonjwa yanayopanda madhabahuni na magonjwa yanayobaki nyumbani. Presha hupanda. Sukari hupanda. Saratani ikipona, au hata ikitulia tu, hupanda na kupigiwa vigelegele. Aliyegongwa na bodaboda kwenye barabara ya Garissa akatembea tena, huyo huachiwa maikrofoni mpaka mchungaji aanze kutazama saa. Lakini sijawahi kumsikia mtu akisimama na kusema, "Bwana asifiwe, nilikuwa na klamidia na sasa nimepona." Ushuhuda wangu umekaa muda mrefu ukingoja Jumapili yake, na kwa ninavyowajua wazee wetu wa kanisa, haiji. Basi nauandika.

Ninaishi Kiandutu, hapa Thika, tangu nilipoolewa. Nauza mboga Makongeni, na baba watoto hufanya vibarua viwandani. Asiyeujua mtaa wetu namwomba aelewe mambo mawili tu, maji na choo. Maji tunanunua kwa mtungi. Choo ni cha ploti nzima, na usiku hakiendeki: giza, walevi, mbwa, na mengine ambayo kila mwanamke anayajua bila kutajiwa. Kwa hiyo mwanamke hubana mkojo mpaka kukuche, au hutumia ndoo ndani ya nyumba watoto wakishalala. Mchana sokoni mambo ni yaleyale kwa sababu nyingine. Choo ni cha kulipia, na ukiiacha meza yako mteja anahamia kwa jirani. Unajifunza kutokunywa maji. Mwaka 2010 shirika la Amnesty International lilitoa ripoti juu ya wanawake wa Kibera, Mathare, Mukuru na Korogocho na hofu yao ya kwenda chooni usiku. Wangepanda gari moja tu kuja huku kwetu, wangeandika maneno yaleyale.

Wanawake wenzangu wanaamini UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, hutoka chooni humo. Kwamba mvuke wa moto wa shimo hupanda ukamwingia mwanamke akichuchumaa. Nimeyasikia hayo kwa mama mkwe, kwa majirani, hata kwa sista mmoja wa zahanati aliyepaswa kujua zaidi. Ni imani inayomfaa kila mtu. Inamfaa mke kwa kuwa haimgusi mumewe, inamfaa mume kwa sababu hiyohiyo, na lawama zote zinamwangukia mwenye ploti, ambaye tayari tuna ugomvi naye juu ya kodi. Ila kijidudu kinacholeta sehemu kubwa ya maambukizi ya mkojo, Escherichia coli, hakina haja ya mvuke. Kinaishi matumboni mwetu sote, mimi na wewe unayesoma, na aina nyingi zake huko tumboni hazina ubaya. Shida ni kikihama kutoka njia ya haja kubwa hadi tundu la mkojo, safari ambayo kwa mwanamke ni fupi mno, kisha kikapanda kibofuni. Mkojo unaotoka mara kwa mara hukisomba. Mkojo uliobanwa tangu saa mbili usiku hadi alfajiri hukipa nafasi ya kuzaana. Choo chetu kina hatia kweli, lakini si hiyo tunayokisingizia. Kinatuumiza kwa kutoendeka.

Mara ya kwanza mkojo uliponichoma nilikwenda kemisti, kama anavyofanya kila mtu mtaani. Swali lilikuwa moja.

"Inachoma?"

"Inachoma."

Nikafungiwa vidonge kwenye karatasi. Sikuulizwa kama natokwa na uchafu, kama nina mimba, wala kama baba watoto ana tatizo. Ukiwa na pesa kidogo unauziwa vidonge vya siku mbili, vingine uje uchukue biashara ikiamka. Maumivu yalitulia, yakarudi, nikapewa dawa "kali kidogo", yakatulia, yakarudi tena. Septrin ilipita, amoksilini ikapita, siprofloksasini ikapita. Nilipochoka na kemisti nilikwenda kliniki ya mtaani. Kuna mzaha hapa kwetu, na nadhani ni wa Kenya nzima: kliniki ya mtaani hutoki bila taifodi, ukikosa taifodi una UTI, na mwenye mkosi huandikiwa zote mbili na brusela juu. Mimi niliandikiwa zote mbili.

Kilichonipeleka hospitali kubwa ni mgongo. Ulianza kuuma chini ya mbavu upande mmoja, kisha homa, kutetemeka na kutapika. Nilifika hospitali ya Level 5 hapa Thika nikiwa nimeegemea bega la shemeji. Daktari alinigonga kidogo pale mgongoni kwa ubavu wa ngumi, nikaruka. Akasema vijidudu vimepanda hadi kwenye figo, na kwamba hataendelea kubahatisha dawa. Mkojo wangu utaoteshwa.

Hapo ndipo nilipoielewa kazi ya maabara, kwa sababu kijana aliyepokea sampuli yangu alikuwa na moyo wa kufundisha. Kwanza alinipa kopo na maagizo. Nijisafishe, niuachie mkojo wa mwanzo uende, nikinge ule wa katikati, kwa sababu wa mwanzo huosha vijidudu vya ngozi na vikiingia humo kopo litasema uongo. Siku niliporudi kuchukua majibu nilimuuliza wanafanya nini mpaka ichukue muda wote ule. Akanieleza. Tone la mkojo hupakwa kwa kitanzi cha waya juu ya sahani yenye chakula cha vijidudu, sahani ikalala kwenye kabati la joto la nyuzi 37 hadi kesho yake. Kila kijidudu kilicho hai huzaana mpaka kikawa kitone unachokiona kwa macho. Vitone huhesabiwa, kwa sababu vijidudu vichache vinaweza kuwa vimeingia njiani. Daktari wa Marekani aliyeitwa Edward Kass ndiye aliyeweka kipimo hicho katika miaka ya 1950: laki moja kwa kila mililita ya mkojo, na hadi leo maabara nyingi huanzia hapo. Kisha kijidudu chenyewe husambazwa kwenye sahani nyingine, na juu yake huwekwa vidonge vidogo vya karatasi, kila kimoja kimelowekwa dawa yake. Dawa inayoweza huacha duara tupu pande zote. Isiyoweza, vijidudu huota mpaka ukingoni mwa karatasi.

Changu kilikuwa E. coli. Kwa Septrin hakukuwa na duara. Kwa ampisilini, ndugu yake amoksilini, hakukuwa na duara. Siprofloksasini, hakuna. Dawa zote nilizomeza mtaani zilikuwa pale kwenye fomu, na mbele ya kila moja imeandikwa R, yaani sugu. Jentamaisini ilikuwa na duara zuri. Nikachomwa sindano, homa ikashuka, mgongo ukapoa, nikarudi sokoni.

Ningekuwa mtu wa kanisani tu, ushuhuda ungeishia hapo na vigelegele. Nusu yake ilikuwa haijafika.

Miezi ikapita. Mkojo ukaanza tena kuwasha. Haukuwa moto ule wa kwanza, ulikuwa mwasho wa chinichini ambao siku nyingine haupo kabisa. Tumbo la chini likawa zito. Mara mojamoja baada ya kukutana na baba watoto nikaona damu kidogo. Nikasema UTI imerudi. Kila niliyemwambia akasema UTI imerudi. Nilipopimwa kwenye zahanati, kijiti cha mkojo kilionyesha chembe nyeupe, zile zinazokimbilia mahali penye maambukizi, lakini kile kiraka cha naitraiti hakikubadilika rangi. Nikaandikiwa dawa ya UTI.

Kiraka hicho nimekuja kukielewa baadaye. E. coli na jamaa zake kama Klebsiella na Proteus hugeuza naitreti iliyo kwenye mkojo kuwa naitraiti, na kijiti hukamata hiyo naitraiti. Wanahitaji saa kama nne mkojo ukiwa kibofuni. Kwa hiyo kiraka kisipobadilika inaweza kuwa umekojoa muda mfupi uliopita, au una kijidudu cha aina isiyofanya kazi hiyo, au tatizo haliko kibofuni kabisa. Kijiti hakikukosea. Kilisema kuna vita, hakikusema vita ni vya nani.

Niliomba wanioteshee mkojo tena, maana sasa nilikuwa mjanja wa maabara. Majibu yakaja: hakuna kilichoota. Aliyenisomea alikunja karatasi, akanirudishia, akasema, "Mama, huna kitu. Kunywa maji mengi." Nilifurahi siku hiyo, na sikuona ajabu kwamba seli za usaha zilikuwa nyingi kwenye karatasi ileile isiyo na kijidudu.

Kisha nikashika mimba. Ilikuwa changa kiasi kwamba nilikuwa sijamwambia mtu ila baba watoto. Nikiwa mezani sokoni, nikifunga sukuma wiki, maumivu yalinikata upande wa kulia, jasho likanitoka, na bega likaanza kuuma bila sababu. Wenzangu wa soko walinipakia kwenye tuktuk. Sikumbuki njia. Nakumbuka taa za dari zikipita juu yangu, na sauti ya mwanamke ikimwambia mwenzake aharakishe damu. Mimba ilikuwa imetunga ndani ya mrija badala ya mfuko wa uzazi, na mrija ulikuwa umepasuka. Bega liliuma kwa sababu damu iliyojaa tumboni huchokoza kiwambo kilicho chini ya mapafu, na uchungu wake husikika begani. Niliamka bila mimba na bila mrija wa kulia.

Wiki zile sitaki kuzieleza sana. Mama mkwe alikuja kuniangalia na uji, akakaa, akasema mambo ya majirani, na alipokuwa akitoka nikamsikia mlangoni akimwuliza mwanawe kama "huyu" aliwahi kutoa mimba zamani. Watoto wawili nilimzalia. Uji niliunywa.

Katika kliniki ya marejeo nilikutana na daktari wa kike, kijana kuliko mimi, aliyefungua faili langu lote badala ya ukurasa wa mwisho. Akasoma kimya. Akaniambia kwamba mrija niliobakiwa nao ulionekana na makovu wakati wa upasuaji, na makovu hayo hayaletwi na E. coli ya kibofu. Akauliza kama nimewahi kupimwa magonjwa ya zinaa. Nikamwambia nimepimwa mkojo mara nyingi. Akatabasamu, bila kejeli, akasema, "Hicho ni kipimo kingine, mama. Unaweza kuoteshewa mkojo mwaka mzima na usipate unachokitafuta."

Akanieleza. Klamidia ni bakteria, lakini haioti kwenye sahani ile, kwa sababu haiwezi kuzaana nje ya seli iliyo hai. Huingia ndani ya seli za shingo ya kizazi au za njia ya mkojo na kujifungia humo kama mpangaji asiyetaka kukutana na mwenye nyumba. Sahani haina seli, kwa hiyo haina pa kuipangisha. Kisonono nacho hakioti kwenye chakula cha kawaida cha mkojo; kinataka sahani yenye damu iliyopashwa moto na hewa yenye kabonidayoksaidi. Trikomona si bakteria kabisa, ni kiumbe chenye mikia kinachoogelea, na huonekana kwenye hadubini mtu akiangalia upesi kabla hakijafa. Vyote vitatu vinaweza kuleta mwasho wa mkojo na seli za usaha. Vyote vitatu, kwenye karatasi ya maabara ya kawaida, vinaweza kusomeka "hakuna kilichoota". Hata kifua kikuu cha figo husomeka hivyo.

Ile karatasi iliyosema sina kitu, kumbe ndiyo ilikuwa na habari. Usaha bila kijidudu ni swali, na mtu alilisoma kama jibu.

Daktari alitaka mkojo wangu upimwe vinasaba vya klamidia na kisonono. Kopo lilikuwa lilelile lakini maagizo yaligeuka: nisijisafishe kwanza, nikae angalau saa moja bila kukojoa, kisha nikinge ule wa mwanzo kabisa, kiasi kidogo, wa katikati niuache uende. Ule uliomwagwa kwa kipimo cha kwanza ndio uliotakiwa kwa kipimo cha pili, kwa sababu ndio unaosomba seli za njia ya mkojo ambamo kijidudu kimejificha. (Kwa mwanamke, pamba ya kujipangusia ukeni ni bora zaidi, na mtu anaweza kujichukulia mwenyewe, ila siku ile hazikuwepo.) Sampuli ilikwenda maabara ya kulipia Nairobi, na bei yake ilizidi kodi yangu ya miezi miwili. Wanawake wa chama chetu cha mzunguko walinichangia wakidhani ni gharama za upasuaji. Sikuwasahihisha.

Kisonono hakikuonekana. Klamidia ilikuwepo. Dawa za nguvu nilizodungwa wakati wa upasuaji hazikuigusa, wala zile za mtaani hazikuimaliza. Nikapimwa virusi vya Ukimwi na kaswende kwa tone la kidole, vyote havikuwepo. Nikaandikiwa doksisaiklini, kidonge mara mbili kwa siku, siku saba. Na kijikaratasi cha pili, kwa baba watoto.

Njia ya kutoka mjini hadi Kiandutu ni fupi. Siku hiyo niliitembea kwa miguu, kijikaratasi ndani ya sidiria.

Nilimngoja ale, watoto walale. Nikamwekea mezani. Akasoma, au alijifanya anasoma, muda mrefu.

"Mama watoto, hii umeitoa wapi?"

"Hospitali."

"Nauliza ugonjwa."

"Na mimi nauliza."

Akaniambia yeye hana kitu, hawashwi, hatoki usaha, mwanamume mwenye ugonjwa wa zinaa anajulikana. Hilo ndilo wanaume wetu wote wanalolijua, na ni kweli kwa kisonono mara nyingi, kwa sababu kisonono humtoa mwanamume usaha ukaonekana kwenye nguo. Klamidia sivyo. Wanawake walio wengi na wanaume kama nusu hawaoni dalili yoyote, na inaweza kukaa mwilini miezi mingi, hata kuvuka mwaka. Daktari alinionya juu ya usiku huu. Alisema, "Kipimo hakisemi nani alileta, wala lini. Akikuuliza, mwambie hivyo. Ukitaka kumuuliza, jiambie hivyo." Nikamwambia baba watoto maneno hayohayo. Akatoka nje. Nilisikia viatu vyake kwenye changarawe, vikienda na kurudi, kisha akaingia akauliza kama vidonge hunywewa kabla ya chakula au baada.

Sijui ulikotoka ugonjwa. Nimeamua kutojua, na si kwa sababu ya utakatifu. Nilihesabu gharama ya kujua, nikaona siiwezi nikiwa na watoto wawili na kidonda cha tumbo. Mwanamke mwingine angeamua vingine na nisingemlaumu. Alikunywa dozi yake yote mbele yangu, nami yangu mbele yake. Tulilala mbali mpaka siku saba zikaisha, kwa sababu mmoja akitibiwa na mwingine akabaki, mnapeana upya. Miezi mitatu baadaye nilipimwa tena. Safi.

Nikiwa nauguza kidonda nilisoma sana kwa simu ya binti yangu, na kuna jambo lililonikera nikalikuta linahusu mji wangu mwenyewe. Thika inajulikana duniani kwa wanaotafiti magonjwa haya. Ule utafiti mkubwa wa Partners PrEP, uliozifuata jozi za wenzi zaidi ya 4,700 za Kenya na Uganda, mmoja akiwa na virusi vya Ukimwi na mwenzake hana, ulikuwa na kituo hapa. Matokeo yake yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba kidonge cha dawa mbili kinachomezwa kila siku hupunguza maambukizi kwa asilimia 75. Kisha ukaja KEN SHE, ulioongozwa na Profesa Nelly Mugo na wenzake, wa chanjo ya virusi vya HPV vinavyoleta saratani ya shingo ya kizazi. Wasichana 2,275 wa Thika, Nairobi na Kisumu walishiriki, na mwaka 2022 ikaonekana kwamba sindano moja tu inakinga zaidi ya asilimia 97 dhidi ya zile aina mbili mbaya zaidi. Sayansi hiyo yote imepita mitaani mwetu, kwenye damu na mkojo wa wanawake wa huku. Nairobi nako, Pumwani Majengo, tangu miaka ya 1980, muuguzi Elizabeth Ngugi aliwakalisha wanawake waliodharauliwa na kila mtu akawafundisha habari za mipira na vipimo, na wakati huo tayari kisonono cha Nairobi kilikuwa kikiishinda penisilini. Wanawake wa nchi hii wamewafundisha wenye elimu kwa miili yao. Bodaboda ya dakika kumi kutoka vituo hivyo vya utafiti, zahanati ina kijiti cha mkojo na chati ya dalili.

Ile chati siidharau. Wizara ya Afya iliikubali tangu miaka ya 1990 kwa sababu maabara hazikuwepo: mgonjwa akija na dalili fulani, atibiwe vijidudu vyote vinavyoweza kuleta dalili hiyo, papo hapo, asiambiwe arudi kesho. Imewaponya wengi, hasa wanaume wenye usaha na watu wenye vidonda. Kwa mwanamke inayumba. Asiye na dalili haimwoni, na mwenye mwasho wa mkojo tu humtupa upande wa UTI. Shirika la Afya Duniani lenyewe, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, linahimiza vipimo vya vinasaba vitumike pale vinapoweza kupatikana.

Na UTI yenyewe tunaibahatisha. Watafiti wa mpango wa HATUA walikusanya wagonjwa zaidi ya 7,500 wenye dalili za UTI katika Kenya, Uganda na Tanzania, wakaotesha mkojo wa kila mmoja. Theluthi moja hivi tu ndio waliothibitika kuwa na maambukizi ya mkojo. Kati ya vijidudu vilivyopatikana, karibu nusu vilikuwa sugu kwa makundi kadhaa ya dawa. Niliposoma hayo nilijiona mara mbili: mara ya kwanza kwenye ile nusu sugu, mara ya pili kwenye zile theluthi mbili zisizo na UTI. Mara zote mbili mkojo ulisumbua, jina lilikuwa lilelile, na ugonjwa mwingine kabisa.

Nimewaambia wanawake wa chama. Nilianza na mmoja, jioni, tukihesabu pesa za mzunguko, kwa sababu nilikuwa na deni la ukweli juu ya mchango wao. Akanyamaza, kisha akasema yeye amekuwa na UTI "isiyoisha" tangu mtoto wake wa pili. Nikamwambia aniletee karatasi zake zote. Sasa huniletea karatasi, wao na jamaa zao, na mimi si daktari, nawasomea sehemu mbili tu: seli za usaha ni ngapi, na je, kuna kilichoota. Usaha ukiwepo na kijidudu hakuna, nawaambia wasikubali kuambiwa hawana kitu, na wanaume wao wasiachwe nyuma. Homa na mgongo vikiwepo, wakimbie hospitali, wasipitie kemisti. Mwenye mimba asingoje kabisa. Klamidia humwingia mtoto machoni na mapafuni wakati wa kuzaliwa, na maambukizi ya mkojo, hata yasiyouma, yanaweza kupanda kwenye figo na kuleta uchungu kabla ya wakati.

Mzee mmoja wa kanisa amesikia habari hizi na kutuma ujumbe kwamba mambo ya chumbani yabaki chumbani. Yangu yaliishia kwenye meza ya upasuaji, mbele ya watu nisiowajua, kwa hiyo ushauri wake umechelewa.

Nina ombi pia. Mashine zinazopima kifua kikuu kwa vinasaba, zile za GeneXpert, ziko katika hospitali za umma nchini. Mashine hiyohiyo hupima klamidia na kisonono kwa saa moja na nusu hivi, ikiwekewa katriji yake. Katriji hizo ndizo zisizoletwa kwa kawaida, na inayopatikana kwa kulipia haiwezwi na muuza mboga. Naiomba serikali ya Kaunti ya Kiambu izinunue, iziweke kwanza kwenye kliniki za wajawazito na za kupanga uzazi, na iweke taa kwenye vyoo vya Kiandutu.